Aliyebebwa na Magesa

Mwaka huu, pamba ilipokwisha kuvunwa, tulimzika Masanja nyumbani kwake Misungwi. Jeshi lilileta vijana wachache waliopiga pasi sare zao vizuri. Walipiga saluti, wakaikunja bendera, wakamkabidhi binti yake mkubwa. Mimi nilikuwa mbele pamoja na wazee wenzangu, kwenye viti vya plastiki. Katekista alipowaita ndugu wa marehemu waje kuweka udongo, walioinuka kwanza hawakuwa watoto wa Masanja. Aliinuka mama mmoja mfupi aliyejifunga kitenge cha bluu, na nyuma yake kundi zima la watu waliokuwa wamevuka ziwa asubuhi ile kutoka Ukerewe. Wenyeji wakawapisha. Mjukuu wa Masanja, ambaye ni mwalimu wa sekondari, aliniinamia sikioni akaniuliza, "Bibi, hawa Wakerewe ni ndugu zetu wa upande gani? Tangu nikiwa mdogo nawaona kwenye misiba na kwenye harusi, wala sijawahi kuuliza." Nilimwambia nitamweleza tukishakula. Na kweli nilimweleza, lakini kwa haraka, sahani zikiwa mapajani na watu wakipita kutupa pole. Hapa sina haraka.

Mwaka wa vita vya Kagera nilikuwa muuguzi wa jeshi, binti mdogo, cheo changu hakijakauka rangi begani. Wenzangu wengi walipelekwa mbele, karibu na mpaka. Mimi nilibakizwa Mwanza, na jambo hilo liliniuma sana, maana nilidhani vita viko kule kwenye milio tu. Sikujua kwamba vita vina mlango wa nyuma, na mlango huo ulikuwa bandari yetu. Meli iliyokuwa ikileta kahawa na ndizi kutoka Bukoba ilianza kuleta watu waliolala. Tuliwapokea gatini kwa machela, tukawapakia kwenye malori yaliyotandikwa magodoro, na wale ambao hospitali haikuwa na nafasi yao tuliwapeleka upande wa Butimba, kwenye ukumbi wa shule ambao jeshi liliuomba uwe wodi. Ubao wa darasa ulikuwa bado ukutani, na juu yake hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyetaka kuzifuta. Wagonjwa waliokuwa na nafuu walibishana majibu yake wakisubiri chai. Madirisha yalikuwa makubwa, na nje yake kulikuwa na yale mawe yetu ya Mwanza, makubwa kama nyumba, tuliyoyatumia kama kamba ya kuanikia. Bandeji zilikuwa haba. Tulizichemsha kwenye pipa, tukazitandaza juu ya mawe, na jioni tulizikunja zikiwa bado na joto la jua.

Aliyetutawala pale alikuwa Sajini Tekla, mwanamke wa Kihaya, mrefu, ambaye kwao Bukoba palikuwa karibu sana na mabomu lakini hakuwahi kutaja habari za kwao mbele yetu. Sabuni ilikuwa adimu mji mzima. Alikuwa akikata kipande kimoja kwa uzi kama mtu anavyokata ugali wa sherehe, akatugawia kila mmoja chake. Alikuwa mkali kwetu na mpole kwa wagonjwa, na hakuchanganya mambo hayo mawili hata siku moja. Nakumbuka siku yangu ya kwanza alinishika bega akaniambia kwamba mgonjwa nimwite kwa jina lake, si kwa kidonda chake. Wodi nyingine walisema "yule wa mguu", "yule wa tumbo". Kwa Tekla hakukuwa na mguu wala tumbo.

Basi mguu alikuwa Koplo Masanja wa Misungwi, na tumbo alikuwa Praiveti Magesa wa Ukerewe, nao walifika kwa meli moja. Masanja alikuwa amekanyaga bomu la kutegwa ardhini, na madaktari wa huko mbele walikuwa wamemkata mguu wa kushoto chini kidogo ya goti. Habari yote tuliipata kwa vipande, kwa kusikiliza wanavyozungumza vitanda vikiwa jirani, maana hakuna aliyekaa kutusimulia. Bomu lilipolipuka, Magesa alirudi, akamfunga paja kwa mkanda wake, akamtia mgongoni, akavuka naye bonde la mafunjo ambako maji yalimfika kifuani. Njiani kombora lilianguka karibu nao. Magesa aliyumba kidogo, akaendelea. Alipomtua Masanja kwa waganga wa jeshi ndipo walipoona kwamba shati lake lilikuwa limelowa kitu kingine zaidi ya maji. Alikuwa na kipande cha chuma tumboni, na alikuwa amekibeba pamoja na mtu. Masanja alipokuwa akimuuliza kwa nini hakusema, Magesa alijibu kwamba angesema, wangekaa chini wote wawili, na pale hapakuwa mahali pa kukaa.

Magesa hakuwa msemaji. Alikuwa mvuvi kabla ya jeshi, na mikono yake haikuweza kukaa bure. Alipopata nguvu za kuketi aliomba sindano na uzi, akaanza kushona vyandarua vya wodi, ambavyo vilikuwa vimetoboka vibaya. Alivishona kwa fundo la nyavu. Tulimpelekea kimoja baada ya kingine, naye alivitandaza magotini, akavuta uzi kwa meno, huku Masanja pembeni akipiga soga kwa niaba ya wote wawili. Masanja alizungumza kuhusu kila kitu: ng'ombe, mpira, ngoma za mavuno, jinsi michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, inavyopaswa kupikwa na karanga. Kuhusu mguu wake na kuhusu kwao hakuzungumza. Tekla alipomuuliza tumpelekee nani taarifa, alisema nyumbani wasisumbuliwe, atakwenda mwenyewe akipona. Kila mtu alielewa maana yake. Alikuwa kijana aliyelima kwa jembe la ng'ombe na kucheza ngoma mbele ya umati, na hakutaka kuonekana.

Chakula chetu kilikuwa ugali na maharage, maharage na ugali, mpaka askari wakawa wanacheka sahani zikiletwa. Lakini watu wa Mwanza hawakutuacha. Akina mama wa Igoma walileta maziwa mgando kwenye vibuyu. Na kila Ijumaa alikuja Mama Gulshan, mke wa mwenye duka la vitambaa mjini, familia ya Kihindi iliyokuwa pale tangu enzi za babu zao, akileta sufuria la mchuzi wa dengu lililofungwa kwa shuka lisimwagike. Alikuwa na Kiswahili kizuri cha Mwanza chenye maneno ya Kisukuma ndani yake, na Masanja alimtania kwamba yeye ni Msukuma aliyeungua kidogo tu na jua. Yeye alicheka, akamwongezea mchuzi. Sikumbuki kama niliwahi kumwona ameketi. Aligawa, akauliza nani mpya, nani amekwenda, akachukua sufuria lake.

Magesa alitupa matumaini kwa wiki kadhaa, halafu homa ikarudi. Daktari wetu, kapteni aliyekuwa alale kwa zamu na zamu yake haikufika kamwe, alimfungua tena, akamfunga, akatoka nje akasimama peke yake kwenye mawe. Dawa aliyoitaka haikuwepo. Siku zile za mwisho Magesa alikataa kila kitu isipokuwa maji, mpaka mchana mmoja aliponiambia kwamba anatamani mchuzi wa samaki. Nilimtazama Tekla, naye akanionyesha mlango kwa kidevu. Nilikwenda ziwani kwa miguu, nikapata sato kwa wavuvi, na nilipowaambia ni wa nani wakachagua mwingine mnono zaidi. Tekla mwenyewe ndiye aliyepika, bila viungo, kwa chumvi na nyanya. Magesa alikunywa vijiko vichache, nikiwa nimemshika kichwa. Akasema mchuzi ni mzuri ila umekosa ndimu. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia mimi. Alikufa alasiri ya siku iliyofuata, Masanja akiwa amejivuta mpaka kwenye ukingo wa kitanda chake na kumshika kifundo cha mkono.

Kuogesha maiti za askari ilikuwa kazi yetu pia, na watu hawaizungumzii kazi hiyo wanapozungumzia wauguzi. Tekla alikuwa na utaratibu wake. Maji yawe ya vuguvugu, kwa sababu alisema hakuna mtu anayemwogesha mwanawe kwa maji baridi. Tusizungumze habari nyingine tukiwa kazini. Tumwambie mtu tunachomfanyia: Magesa, nakugeuza sasa, Magesa, nakuosha mgongo. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa wengine kabla yake, na nilifanya kwa wengi baada yake, lakini huyo ndiye niliyemwogesha nikilia, na Tekla hakunikataza. Mama Gulshan alipopata habari alikuja siku isiyokuwa ya Ijumaa akiwa na kitambaa cheupe cha bafta, jora zima, akasema mwili wa askari hauendi kwa mama yake na blanketi la hospitali.

Jeshi lilikubali azikwe kwao, kwa kuwa Ukerewe si mbali. Ilipangwa kwamba luteni mmoja aende, na muuguzi mmoja, nami nikachaguliwa. Hapo Masanja akasema na yeye anakwenda. Daktari alikataa, na hakukosea, kwa maana kidonda kilikuwa hakijafunga na magongo alikuwa ameyashika kwa siku chache tu. Masanja hakupandisha sauti. Alisema, "Alinibeba nikiwa mzito kwa maji na damu. Sasa asindikizwe na watu waliomjua kitandani tu?" Daktari akamtazama Tekla. Tekla akasema, "Aende. Kidonda nitakijibia mimi." Asubuhi tuliyoondoka, wagonjwa wote walioweza kusimama walisimama kati ya vitanda, wengine wakishikana kwa sababu mguu mmoja una kikomo chake, na wasioweza kusimama waliketi na kunyoosha migongo. Hakuna aliyetoa amri. Jeneza lilipita katikati yao mpaka nje kwenye lori.

Kwenye meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, abiria walikuwa wengi, wenye kuku, wenye magunia, wenye watoto. Walipoona bendera wakapunguza sauti. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa alifungua khanga yake mpya, akaitandika juu ya jeneza pembeni ya bendera, akarudi kukaa kwenye gunia lake bila kutuuliza jina la marehemu. Masanja alisimama kando ya jeneza safari nzima, akiegemea nguzo. Nilimwomba aketi, akasema atakaa tukifika.

Kwao Magesa kulikuwa na nyumba ya udongo iliyosafishwa vizuri, migomba nyuma, na uwanja umejaa watu. Mama yake alikuwa mwembamba, na wote walimwita Mama Magesa, kwa kuwa Magesa ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kwanza. Nilipiga goti nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa, nikaogopa zaidi kuliko kama angelia. Luteni alisoma salamu za jeshi. Alisoma vizuri: kijana amekufa kishujaa, taifa limepoteza, taifa halitasahau. Mama Magesa alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Asante, baba," alisema. "Ya serikali nimeyasikia. Sasa nataka ya mwanangu."

Luteni akanitazama. Mama Magesa akanigeukia, akaniuliza mwanawe alikula nini mwisho. Nikamwambia mchuzi wa samaki, vijiko vichache. Akauliza samaki gani. Nikasema sato, na kwamba alilalamika hakuna ndimu. Wanawake waliomzunguka wakaguna, na mmoja akacheka na kulia kwa pamoja, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa pale kuamini kwamba tuliyemleta ni Magesa wao. Kisha akauliza nani aliyemwogesha. Nikasema ni mimi, mama, pamoja na mkubwa wangu. Akaichukua mikono yangu yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaishika hivyo mbele ya watu, mpaka waliochimba kaburi walipokuja kuita. Nimetumikia jeshi mpaka kustaafu, nimepewa vyeti na nimepongezwa jukwaani. Sijawahi kushikwa mikono namna ile tena.

Udongo wa kaburini ulikuwa wa mchanga. Tulipomaliza maombi Masanja alijaribu kupiga saluti, gongo likazama, akaanguka. Wanaume walikimbia kumwinua. Alikuwa na udongo usoni, na ndipo akasema, akiwa bado chini, jambo ambalo nadhani ndilo lililomvusha ziwa.

"Mama, mimi ndiye niliyebebwa."

Nilitegemea ukimya, au kilio, au lawama. Hata lawama ningeielewa. Mama Magesa alikwenda akachuchumaa karibu naye.

"Alikubeba begani au mgongoni?"

"Mgongoni, mama. Kama mtoto."

"Ndivyo alivyokuwa akiwabeba wadogo zake," alisema. Alimfuta udongo kwa ncha ya kitenge. Halafu akamuuliza, "Una mama?"

"Ninaye. Misungwi."

"Anajua uko hai?"

Masanja alilivuta gongo lake, akaanza kulipangusa mchanga. Yule mama alimtazama kwa muda, wala si kwa hasira. "Mwanangu hakukubeba ili uende kujificha," alisema. "Ukirudi, nenda kwenu. Na hapa ni kwenu pia, uje." Wakati wa kula alimwita akae upande wa wana wa nyumba, karibu na binti yake mdogo, aliyekuwa akimtazama yule mtu wa gongo kwa macho makubwa. Binti huyo ndiye yule mama wa kitenge cha bluu niliyemwona Misungwi mwaka huu, akiwa na udongo mkononi.

Tangu siku ile Masanja alikwenda Ukerewe kila alipopata nauli, na alipoikosa aliwaandikia. Mama Magesa alipofariki, alinyoa nywele pamoja na wafiwa. Mambo hayo yalikuja baadaye, na ni ya kwao kuyasimulia. Langu mimi lilikuwa kumrudisha wodini, ambako daktari alikikuta kidonda kimechafuka, akagomba, akakisafisha. Tekla alikesha naye siku zile homa ilipopanda, akitimiza alichosema kwamba atakijibia. Kidonda kilipofunga, Masanja mwenyewe aliomba kwenda nyumbani. Hakutaka taarifa itangulie. Aliomba niende naye, akasema kama mama yake ataanguka, awepo mtu anayejua kumshika.

Tulikwenda kwa Landrover ya jeshi, alasiri, mawingu yakikusanyika upande wa ziwa. Alimwambia dereva asimame mbali, kwenye njia ya ng'ombe, ili aingie kwao kwa miguu, akasema hivyo hivyo, kwa miguu, kisha akacheka peke yake. Nilimfuata nyuma kidogo. Uwanja wao ulikuwa na jiwe pana, jeusi, na juu yake mama yake na jirani mmoja walikuwa wakigeuza michembe iliyoanikwa. Jirani ndiye aliyeona kwanza. Alipiga yowe la msiba, na mama yake Masanja, kabla hata ya kugeuka, akamwambia anyamaze. Kisha akageuka. Alimwona mwanawe akija kwenye ile njia, gongo, mguu, gongo, suruali ikiwa imekunjwa na kufungwa kwa pini.

Hakukimbia na hakuanguka. Alishuka kwenye jiwe akamsubiri, kama mtu anavyomsubiri mtoto anayejifunza kutembea, bila kumpokea njiani. Masanja alipofika, mama yake alipiga magoti mbele yake, akaweka mkono mahali mguu ulipoishia.

"Bado panauma?" aliuliza.

Miezi yote ile nilikuwa nimemuuliza swali hilo kila asubuhi, na Tekla alimuuliza kila jioni, na daktari kila alipopita, na sote tulipewa jibu moja: hapana, sista, hapana, afande, hakuna kitu kinachouma.

"Panauma, mama," alisema Masanja. "Panauma sana."

Akaacha magongo yaanguke, akamlalia mama yake begani kwa uzito wake wote, na mama yule akampokea. Mimi sikuwa na kazi tena pale. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka, nikapanda kwenye jiwe kumsaidia jirani kuanua michembe.